Gunia Lililokataliwa Laliwa na Nani?



Yeyote aliyepita Tunduma ameyaona malori. Yamepangana tangu mpakani hadi nje ya mji, mengine yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, mengine yakitoka huko na shaba kuelekea Dar es Salaam. Baada ya mavuno mengi yao huchukua mahindi yetu: ya Mbozi, ya Ileje, ya Momba na ya Songwe. Hii ni neema kubwa. Mahindi hayo hulipa ada za shule, huezeka nyumba kwa bati, na hununua mbolea ya mwaka unaofuata.

Basi leo nataka tuulizane jambo moja ambalo wengi hatupendi kuulizana. Mnunuzi ajapo na gari lake hutia bambo ndani ya gunia, akachomoa punje chache, akazitazama juani. Akiona zenye ukungu, au zilizoliwa na fukusi, hulisukuma gunia kando. Gunia hilo halitupwi. Laenda wapi?

Larudi nyumbani. Mama hulipembua kidogo kwa ungo. Punje zinazoonekana nzuri hupelekwa mashineni. Zilizo mbaya kidogo hutiwa katika pombe. Zilizo mbaya kabisa hupewa kuku. Hakuna kinachopotea, nasi twajisifu kwamba tu watu wa akiba. Kumbe chakula kizuri tumempa mgeni, na kibaya tumewapa watoto wetu.

Mwezi wa Machi mwaka 2021 habari hii ilifika hata redioni. Serikali ya Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na ya Uganda yasiingie nchini humo, ikisema yana sumu kuvu kupita kiasi. Wafanyabiashara walilalamika, wakubwa wakazungumza, na baada ya siku chache tu biashara ikaruhusiwa tena kwa masharti. Mojawapo ni kwamba kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Sote tulifurahi. Walakini sikumsikia mtu akiuliza: ikiwa mlaji wa Nairobi analindwa kwa cheti, mtoto wa Mbozi analindwa na nini?

Labda msomaji atasema, sehemu 10 katika bilioni moja ni kitu gani? Tufanye hesabu kidogo. Punje moja ya mahindi ina uzito wa kama theluthi ya gramu. Punje bilioni moja zingejaza malori 11 ya tani 30 kila moja. Sasa fikiri kwamba mtu ametia punje 10 tu za sumu tupu ndani ya shehena yote ya malori hayo. Huo ndio mpaka wenyewe. Ukizidi hapo, chakula hakifai kwa mwanadamu. Ndivyo sumu hii ilivyo kali.

Sumu kuvu ni nini basi? Ule ukungu wa kijani au wa manjano uuonao katika hindi bovu ni kiumbe hai, ndugu yake uyoga, ila ni mdogo mno. Kuvu za namna hiyo ziko udongoni na hewani kila mahali. Zikipata punje yenye unyevu na joto, hukaa humo na kuongezeka, na baadhi yao hutoa sumu. Sumu yenyewe haina rangi, wala harufu, wala ladha. Ukungu waweza kufutwa kwa kitambaa au kuoshwa kwa maji, nayo sumu ikabaki ndani ya punje kama vile hakuna lililotokea.

Wengi husema, “Moto husafisha kila kitu.” Katika jambo hili moto hausaidii. Maji ya chungu huchemka kwa nyuzi 100. Sumu kuvu hustahimili hata nyuzi 200 na zaidi. Unga wenye sumu ukisongwa ugali, ukapikwa uji, ukatengenezwa kande au pombe, sumu imo tu. Hata chachu ya pombe haiiondoi.

Sumu hii iligunduliwa kwa sababu ya ndege. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda mfupi, na hakuna aliyejua ugonjwa wao. Wataalamu wakauita ugonjwa wa X, kwa maana haukuwa na jina. Mwishowe wakakitazama chakula chao, wakaona kilichanganywa na mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa na kuvu. Kutoka hapo ndipo dunia ilipoijua sumu iitwayo aflatoksini, ambayo sisi twaiita sumu kuvu.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uingereza. Vuka mpaka wa Tunduma. Mwaka 2024, baada ya ukame mkali, mbwa wapatao 400 walikufa nchini Zambia kwa kula unga wa mahindi. Serikali ilipopima unga wa wasagishaji 25, karibu nusu ulikutwa na sumu kuvu nyingi. Mbwa alitangulia kwa sababu hupewa pumba na makoko, na sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje. Lakini mahindi yaliyomwua mbwa ni ya shamba lile lile yaliyotoka mahindi ya bwana wake.

Wala watu hawakusalimika. Mwaka 2004 nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Walikuwa wamekula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 kati yao wakafa. Macho yaligeuka manjano, matumbo yakajaa, wakatapika. Mwanzoni watu walisema ni ugonjwa wa ajabu, na twajua sote neno “ajabu” huleta neno gani baada yake. Mganga hutafutwa, jirani hushukiwa, ukoo hugawanyika. Na mkosaji alikuwa amelala ndani ya gunia, pembeni mwa chumba.

Vifo hivi vya ghafula hutisha, navyo huandikwa magazetini. Mimi naogopa zaidi kile kisichoandikwa. Mtu akila sumu kidogo leo, na kidogo kesho, kwa miaka 20 au 30, haumwi tumbo, hatapiki, na anakwenda shambani kama kawaida. Ini ndilo linaloumia. Ini ni kama mfua nguo wa mwili. Kila kichafu kiingiacho hupelekwa kwake akisafishe. Sumu kuvu ikifika hapo, katika ile kazi ya kuisafisha, hugeuka ikawa kali zaidi, ikashikamana na kile kilichomo ndani kabisa ya chembe za mwili kinachoamuru chembe ikue lini na ikome lini. Amri hiyo ikiharibika, chembe hukua bila kukoma. Hiyo ndiyo saratani, ambayo wengi huiita kansa.

Shirika la kimataifa linalochunguza saratani, lenye makao yake mjini Lyon katika Ufaransa, liliiweka sumu kuvu katika daraja la kwanza la vitu viletavyo saratani kwa wanadamu mwaka 1987. Ni daraja lile lile la moshi wa tumbaku. Tena saratani ya ini ina tabia mbaya ya kujificha. Mgonjwa hukonda, ubavu wa kuume huuma, tumbo huvimba. Na afikapo hospitali mara nyingi umekwisha kuwa usiku.

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi lampasa kulijua. Kuna homa ya ini aina B, iletwayo na kirusi, nayo yapatikana sana katika nchi zetu. Sumu kuvu na kirusi hicho hufanya kazi pamoja kama wezi wawili, mmoja akivunja mlango na mwenziwe akibeba mali. Wataalamu walichunguza wanaume wa mji wa Shanghai nchini China, wakaandika matokeo yao mwaka 1994. Waliokuwa na dalili ya sumu kuvu peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi kuliko wengine. Wenye kirusi peke yake, mara 7. Wenye vyote viwili, mara 59! Kwa hiyo chanjo ya mtoto ni sehemu ya vita hii. Tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa kinga ya homa ya ini aina B, nayo imo katika sindano ya juma la 6, la 10 na la 14. Mama asikose hata moja, hata kama ni siku ya kupalilia. Sisi wakubwa tuliozaliwa kabla ya hapo tuulize hospitalini juu ya kupimwa.

Na huko huko China kuna habari ya kutia moyo. Katika wilaya ya Qidong watu walikuwa wakila mahindi yenye sumu nyingi, na saratani ya ini ilikuwa ikiwamaliza. Katika miaka ya 1980 wakabadili chakula, wakaanza kula mchele badala ya mahindi. Vifo vya saratani ya ini vikapungua sana, hata kabla watoto waliochanjwa hawajafikia umri wa kuugua. Chungu peke yake kilileta tofauti hiyo.

Sitamwambia mtu wa Mbozi aache mahindi. Atanicheka, nami nitastahili. Lakini babu zetu, Wanyiha na Wanyamwanga, walikula ugali wa ulezi kabla mahindi hayajatawala. Ulezi haushikwi upesi na sumu kuvu kama mahindi na karanga. Siku hizi twauona ulezi kuwa ni wa pombe na wa uji wa mgonjwa. Nyumba itakayokula ulezi mara mbili tatu kwa juma itakuwa imepunguza sumu kwa kiasi hicho hicho, na haitakuwa imeiga kitu cha kigeni.

Sasa tuje katika mahindi yenyewe, maana humo ndimo kazi ilimo.

Kuvu huingia tangu shambani. Mahindi yakipatwa na ukame wakati wa kujaza punje, kama itokeavyo mara kwa mara katika bonde la Momba kwenye joto, hudhoofika na kuvu hupata mlango. Huku juu Mbozi na Ileje kwenye baridi na mvua hupatikana zaidi ukungu wa rangi ya waridi, nao una sumu yake nyingine, ambayo wataalamu waishuku kuhusika na saratani ya koo la chakula. Kwa hiyo asiseme mtu wa baridi kwamba habari hii ni ya watu wa joto.

Lakini kosa kubwa huwa baada ya kuvuna. Mvua za mwisho hazijakwisha sawasawa, mwenye shamba anaogopa wezi, ng'ombe wamekwisha kuachiwa huru mashambani, na mnunuzi yuko barabarani na fedha mkononi. Basi mahindi huletwa nyumbani yakiwa mabichi, hurundikwa sakafuni, hupigwa kwa fimbo yakiwa ndani ya gunia, punje hupasuka, kisha hushonwa. Ndani ya gunia lile pana joto kama tumboni mwa mama. Kuvu itake nini tena?

Hapa nina neno na wakulima wa kahawa, nao ni wengi katika Mbozi. Ndugu zangu, tazameni mnavyoifanyia kahawa. Huoshwa kwa maji safi. Huanikwa juu ya vichanja vya waya, mbali na udongo. Hugeuzwa kwa mikono mara nyingi kwa siku, na ile iliyo mbaya hutolewa moja moja. Wingu likitokea, kila mtu mbio kuifunika. Jioni hufunikwa isipate umande. Kwa nini? Kwa sababu kahawa yenye ukungu haina bei. Sasa geuka utazame mahindi ya nyumba hiyo hiyo. Yamemwagwa chini juu ya udongo, kuku wanaparura, mbuzi anapita, umande wa usiku unayalowesha, na asubuhi yanangoja jua kama mgonjwa anavyongoja daktari. Kahawa watainywa watu wa ng'ambo ambao hatutawaona kamwe. Mahindi yataliwa na wanetu. Elimu tunayo, vichanja twajua kuvijenga, mikono tunayo. Kinachokosekana ni kuona kwamba tumbo la mtoto nalo ni soko lenye kukataa mali mbovu, ila lenyewe halina sauti ya kukataa.

Kichanja cha mahindi si lazima kiwe cha waya. Nguzo nne, fito, na mkeka au turubai juu, vyatosha. Asiye na muda wa kukijenga na aanike juu ya turubai, kamwe si juu ya ardhi tupu. Mahindi yakaushwe yakiwa bado katika magunzi, kisha yapukuchuliwe kwa mkono au kwa mashine nzuri isiyopasua punje, kisha yakaushwe tena.

Lini yamekauka? Wengi hutafuna punje na kusikiliza mlio wake. Ni njia ya wazee, si mbaya, lakini meno ya watu hayalingani. Iko njia nyingine isiyo na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia chumvi kavu vijiko viwili hivi, kisha mahindi kiasi cha robo ya chupa. Funga, utikise kwa dakika moja, uiweke chini robo saa. Kama chumvi imegandamana na kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Kama chumvi imebaki chini na kioo ni safi, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100, nayo yaweza kuwekwa. Yakiongezwa siku moja mbili za jua ili yafike sehemu 13, ni bora zaidi. Chumvi yenyewe iwe imekaangwa kwanza ikauke, kwa maana ya kwetu wakati wa mvua hulowa hata ndani ya kopo.

Gunia lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta. Weka miti chini yake. Mwenye uwezo anunue mifuko ya tabaka tatu, ile ambayo wengi huiita kinga njaa. Hewa haipiti, fukusi na dumuzi hufa ndani bila dawa. Lakini asitie humo mahindi mabichi, ataharibu mfuko na mahindi. Na tukisema dawa, tafadhali. Wapo wanaonyunyizia mahindi ya kula dawa ya pamba au ya tumbaku, ati kwa kuwa ni kali. Huku ni kufukuza nyoka kwa kumkaribisha chui. Dawa ya nafaka iandikwe ni ya nafaka, ipimwe kama ilivyoandikwa, na kopo lake lisigeuzwe kuwa la kuchotea maji. Moshi wa jikoni, tumbaku na mambo mengine ya namna hiyo nitayaeleza siku nyingine.

Je, kazi ndogo kama hizi zaweza kuizuia sumu kali hivyo? Hata mimi niliuliza. Jibu lilitoka Guinea, Afrika ya Magharibi. Wataalamu walichukua vijiji 20 vya wakulima wa karanga. Katika nusu ya vijiji walifundisha watu kuchambua karanga kwa mkono, kuzianika juu ya mikeka, kuzitia katika magunia ya nyuzi za asili na kuyaweka juu ya mbao. Vijiji vingine waliviacha na desturi zao. Baada ya miezi mitano wakapima damu za watu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: sumu katika damu ya wale waliofundishwa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya wenzao. Hakuna mashine iliyonunuliwa. Mikeka tu, na mikono.

Mimi ni karani wa parokia, na wakati wa shukrani ya mavuno ndimi nipokeaye madebe na kuyaandika daftarini. Wapo waletao mahindi meupe kama meno ya mtoto. Wapo pia waletao yale aliyoyakataa mnunuzi. Mwaka jana alikuja mama mmoja, mtu mzima, na ndoo kichwani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Pokea ya kanisa.”

Nikatia mkono ndani ya ndoo, nikatoa punje za kijani. Nikamwuliza kwa upole, “Mama, mahindi haya nyumbani mnayatumia?”

Akanitazama kwa mshangao. “Ndiyo tulayo, mwalimu. Mazuri yamekwenda na gari.”

Mama huyu hakuwa mchoyo. Alimtolea Mungu kile kile alacho yeye na wajukuu wake. Tangu siku hiyo nimeacha kuwanung'unikia waletao mahindi mabaya, maana ndoo zao ni barua kutoka jikoni mwao.

Najua pia kwamba atakayesoma maneno haya akiwa na gunia moja tu, tena lenye ukungu, ataniuliza, “Nitupe, nile nini?” Swali hilo ni la haki. Sisemi atupe gunia zima. Sumu haikai sawasawa katika punje zote. Mara nyingi punje chache hubeba karibu yote. Mwaga mahindi juu ya mkeka mchana wenye jua, kaa na watoto, mchambue. Kila yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyopasuka au kutobolewa na wadudu, iondoke. Kisha yatie yaliyobaki ndani ya maji. Zinazoelea zitolewe, maana zimeliwa ndani. Yakaushe tena, uyakoboe kabla ya kusaga. Nimekwisha kusema kwamba sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini. Dona ni chakula bora kuliko sembe, nami nalipenda, lakini dona la mahindi mabovu ni baya kuliko sembe lake. Kwanza usafi, dona baadaye.

Na zile punje zilizotolewa? Hapa ndipo nyumba nyingi huanguka. Zichomwe, au zifukiwe. Zisipelekwe kwa mama pima akazifanye komoni. Mnywaji huwa amekwisha kulichosha ini lake kwa pombe, nawe unamwongezea sumu kikombeni. Zisipewe kuku, maana mayai na nyama hurudi mezani, na kuku mwenyewe hudhoofika na kufa, kisha mwenye nyumba husema ni mdondo. Wala pumba zake zisipewe ng'ombe wa maziwa. Sumu hupita ndani ya maziwa. Hupita kidogo hata katika maziwa ya mama, lakini kwa ajili hiyo mama asiache kunyonyesha hata siku moja. Tumsafishie yeye chakula chake.

Sasa karanga. Akina mama wawili wameniuliza juu ya uji wa lishe, kwa kuwa kliniki huwaambia waongeze karanga. Kliniki wasema kweli. Mtoto ahitaji mafuta na protini za karanga. Lakini karanga hushikwa na kuvu pengine kuliko mahindi, na mtoto wa mwaka mmoja, kwa uzito wake mdogo, hupata sumu nyingi kuliko baba yake katika bakuli moja. Kukaanga hupunguza kiasi, hakumalizi. Basi usinunue karanga zilizosagwa tayari sokoni, hata kama muuzaji ni shemeji yako, kwa sababu ndani ya unga macho hayaoni kitu. Nunua zilizo katika maganda, au nzima, uzimenye mwenyewe. Zilizosinyaa, zenye weusi, zenye uchungu mdomoni, usizitie. Saga kidogo kidogo, unga wa majuma mawili hivi, uweke pakavu katika chombo chenye kifuniko. Na unga wa uji usiwe mahindi matupu. Tia ulezi nusu. Bei ya ulezi iko juu, najua, lakini kwa mtoto mmoja debe moja hukaa muda mrefu.